Diski iliyogoma kufomatiwa, na siri ya namba 746

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi zilinibana. Leo sitaandika kuhusu msimbo. Nataka kuwasimulia habari ya diski moja iliyokataa katakata kufomatiwa, na jinsi kukataa kwake kulivyonirudisha nyuma hadi mwaka 1983. Makala yenyewe ni ndefu kidogo, kwa hivyo jimiminie chai kwanza.

Mambo yalianza kwa simu ya shemeji yangu. Ana studio ya picha na video mjini Thika: harusi, mahafali, ruracio, mazishi. Kwa miaka mingi kazi zake zilikaa ndani ya kisanduku cha hifadhi ya mtandao, kile cheusi chenye diski mbili ndani na waya wa mtandao nyuma, ambacho huziwezesha tarakilishi zote za ofisi kufungua faili zilezile. Usiku mmoja stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, na asubuhi kisanduku hakikuwaka tena.

"Shem," akaniambia, "hicho kisanduku sikijali. Picha zote nilishazinakili mwaka jana. Nataka tu hizi diski nizitumie kwa tarakilishi ya mezani, lakini Windows inakataa kufomati."

Nikamuuliza inakataaje. Akasema ameichomeka diski moja kwenye doki ya USB aliyoinunua zamani Luthuli Avenue. Windows inaiona, lakini haiipi herufi, na neno la kufomati limefifia, halibonyezeki. Kijana wa saiba ya jirani alikuwa amemwahidi kwamba kuna amri moja tu ya kuandika na diski itakuwa kama mpya. Kisha shemeji akaongeza jambo lililonifanya nikae wima:

"Na tena, imeandikwa terabaiti 3 hapa juu, lakini Windows inasema gigabaiti 746. Nadhani niliuziwa feki."

Haikuwa feki. Nilimsihi aichomoe, asimruhusu yeyote kuandika amri yoyote, na anisubiri Jumamosi. Ile 746 niliwahi kukutana nayo. Si namba ya kubahatisha. Ukiifuata utapata karibu historia yote ya diski za tarakilishi zetu, na utaelewa kwa nini diski ya hifadhi ya mtandao ikiletwa kwenye tarakilishi ya mezani huonekana kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji.

DISKI YA MTANDAO NI IPI HASA?

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili, maana watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni ile Z: au Y: unayoiona kwenye Windows baada ya kuunganisha folda iliyo kwenye kisanduku. Ukiibonyeza kwa kitufe cha kulia hutapata neno la kufomati. Si hitilafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Barry Feigenbaum wa IBM alibuni itifaki inayoitwa SMB, na mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ikaja na yake inayoitwa NFS. Zote mbili zilijengwa kwa wazo moja: mwenye diski anakuazima faili, hakuazimi diski. Ukimwomba faili anakupa. Faili hiyo imelala wapi juu ya diski, hilo ni lake mwenyewe. Ni kama kuagiza chakula hotelini, huruhusiwi kuingia jikoni na kupanga masufuria. Kwa hivyo Z: haifomatiki kutoka mezani kwako. Ukitaka kuifomati, ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa kisanduku chenyewe.

Kuna itifaki nyingine, iSCSI, iliyopata kiwango rasmi mwaka 2004, ambayo huazima diski yenyewe sekta kwa sekta. Hiyo hufomatika kama diski ya ndani. Ila visanduku vingi vya nyumbani na vya ofisi ndogo hutumika kwa SMB.

Jambo la pili ni diski yenyewe, ile ya chuma, ukiitoa ndani ya kisanduku na kuichomeka kwenye tarakilishi yako. Hapo ndipo shemeji alipokwama.

JEDWALI LA MWAKA 1983

Machi 1983 IBM ilitoa tarakilishi iliyoitwa PC XT. Ilikuja na diski ya ndani ya megabaiti 10. Leo video fupi ya simu yako inaweza kuzidi hapo, lakini wakati ule ilikuwa mali kubwa. Pamoja nayo ilikuja programu ya PC DOS 2.0, na ndani yake uamuzi ambao tumeishi nao tangu siku hiyo: sekta ya kwanza kabisa ya diski itengwe iwe ramani ya diski nzima.

Sekta hiyo ina baiti 512. Baiti 446 ni za programu ndogo ya kuamsha mashine. Baiti 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Zinazobaki ni baiti 64 tu, nazo ndizo jedwali la patisheni. Jedwali lina nafasi nne, kila nafasi baiti 16. Ndio maana kwa miaka mingi diski ya PC ilikubali patisheni kuu nne pekee. Ramani hiyo tunaiita MBR.

Ndani ya kila nafasi kuna namba mbili muhimu: patisheni inaanzia sekta ya ngapi, na ina sekta ngapi. Kila namba ilipewa biti 32. Biti 32 huweza kuhesabu hadi sekta 4,294,967,296. Zidisha kwa baiti 512 na utapata baiti 2,199,023,255,552, yaani takriban terabaiti 2.2. Kwa mtu mwenye diski ya megabaiti 10, huo ulikuwa uwezo wa zaidi ya mara laki mbili ya alichokuwa nacho. Nani angemlaumu?

UKUTA BAADA YA UKUTA

Tena, jedwali hilo lilikuwa na nafasi kubwa kuliko vitu vingine vilivyolizunguka. Miaka iliyofuata, watumiaji wa PC waligonga ukuta baada ya ukuta, na kila ukuta ulikuwa namba ambayo mtu fulani aliipa biti chache.

Wa kwanza ulikuwa megabaiti 32. DOS ya miaka ya kati ya 1980 ilihesabu sekta za patisheni kwa biti 16, yaani sekta 65,536, na hapo ndipo ilipoishia. Compaq ilivunja ukuta huo mwaka 1987 kwa DOS 3.31 yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja wa megabaiti 528. Huu ni wa kuchekesha, kwa sababu haukutokana na upungufu wa mtu mmoja. BIOS ilikubali silinda 1,024 lakini vichwa vingi. Diski za aina ya IDE zilikubali silinda nyingi lakini vichwa 16. Kila upande peke yake ulikuwa na nafasi ya kutosha. Zilipokutana, ilibidi zishike kile kidogo cha kila upande: silinda 1,024, vichwa 16, sekta 63. Zidisha zote kwa 512 upate baiti 528,482,304. Kama mumewahi kuona watu wawili wenye pesa wakishindwa kununua kitu kimoja kwa sababu mmoja ana shilingi na mwingine ana dola, mnaelewa.

Baadaye ukaja wa gigabaiti 8.4, na kisha wa gigabaiti 137, ambao baadhi yetu tunaukumbuka vizuri. Diski zilitumia biti 28 kutaja namba ya sekta. Kiwango cha ATA-6 cha mwaka 2002 kilipanua hadi biti 48, na Windows XP ikapata uwezo huo kwa SP1 mwaka huohuo. Wakati ule tarakilishi nyingi zilizotufikia hapa Kenya zilikuwa mitumba kutoka Ulaya na Marekani, kwa hivyo kuta hizi zilitufikia zikiwa zimechelewa miaka mitatu minne. Unanunua diski mpya ya gigabaiti 160, unaiweka kwenye mashine kuukuu, inasoma 128 (ile 137 kwa hesabu ya Windows), na unarudi dukani kugombana na mtu asiye na hatia.

Si kuta zote zilitokana na hesabu ya biti. Kidirisha cha kufomati cha Windows, kwa miaka mingi sana, kilikataa kutengeneza FAT32 kubwa kuliko gigabaiti 32, ingawa FAT32 yenyewe iliweza kwenda mbali zaidi. Dave Plummer, mhandisi wa zamani wa Microsoft, ameeleza hadharani kwamba kidirisha hicho alikiandika yeye mwishoni mwa 1994, na kikomo hicho alikichagua mwenyewe akidhani ni kazi ya muda tu. Agosti 2024 Microsoft ilitangaza, katika toleo la majaribio, kwamba amri ya kufomati sasa itafika terabaiti 2. Karibu miaka thelathini! Mwandishi mwenzangu wa programu, ukiandika neno "kwa muda" kwenye msimbo wako, kumbuka hadithi hii.

LUGHA ZA DISKI

Turudi kwenye kisanduku cheusi. Ukiondoa kifuniko, ndani mna tarakilishi ndogo, na karibu kila mara tarakilishi hiyo inaendeshwa na Linux. Mtengenezaji hulipi leseni, na kazi ya kugawa faili imeshafanywa na wengine. Kazi hiyo ilianza Australia, ambako mwaka 1991 mwanafunzi aitwaye Andrew Tridgell alianza kuandika programu ya kuiwezesha mashine ya Unix kuzungumza na tarakilishi za DOS kwa SMB. Baadaye alipohitaji jina jipya alitafuta kwenye orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B. Akapata Samba. Programu hiyo imekuwa ndani ya mamilioni ya visanduku hivi, na ndiyo inayokufanya udhani unaongea na Windows nyingine.

Hapa ndipo penye ujanja wote. Kupitia waya wa mtandao, kisanduku kinakutafsiria. Juu ya diski hakuna hata herufi moja ya lugha ya Windows.

Windows huandika diski zake kwa NTFS, iliyokuja na Windows NT 3.1 mwaka 1993, au kwa jamii ya FAT iliyoanza Microsoft mwaka 1977. Linux ilipita njia nyingine. Mwaka 1991 Linus Torvalds aliazima mfumo wa faili wa Minix, ambao haukuzidi megabaiti 64 na ulikubali majina ya herufi 14. Mfaransa Rémy Card akaandika ext mwaka 1992, kisha ext2 mwaka 1993. Ext3 iliingia Linux mwaka 2001, na ext4 ikawa tayari kwa matumizi mwaka 2008. Visanduku vingi hutumia ext4, vingine Btrfs au XFS.

Chini ya hapo kuna tabaka jingine. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa chuo kikuu cha California, Berkeley, walieleza namna ya kuzifanya diski kadhaa za bei nafuu zifanye kazi kama moja. Waliita RAID. Kisanduku chenye diski mbili kwa kawaida huziweka kama kioo: kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa kwenye nyingine. Linux huweka mwanzoni mwa patisheni maelezo mafupi yanayosema, "mimi ni diski ya kwanza, mwenzangu yuko pale."

Windows ya mezani inapoisoma diski kama hii inaona patisheni, lakini haielewi kilichomo. Ikikuta kitambulisho cha patisheni isichokijua, hunyamaza: hakuna herufi, hakuna kufomati, kuna kufuta tu. Ikikuta kitambulisho inachokijua lakini mfumo wa faili isioujua, huja na lile swali la hatari kuliko yote: kabla ya kuitumia diski hii lazima uifomati, je, unataka kuifomati? Na kwa miaka kadhaa Linux ilikuwa ikitumia kitambulisho kilekile cha Windows kwa patisheni zake za data. Sijui niseme ni picha ngapi duniani zilizikwa na swali hilo. Mtu anaona swali, anadhani tarakilishi imegundua ugonjwa na inatoa dawa, anabonyeza ndiyo. Kumbe tarakilishi imesema tu, "sijui kusoma hii."

UKUTA WA MWAKA 2010

Sasa tumefika kwenye 746. Mwaka 2007 Hitachi ilitoa diski ya kwanza ya terabaiti 1. Mwaka 2010 Seagate na Western Digital wakaingiza sokoni za terabaiti 3. Ghafla ile namba ya mwaka 1983, terabaiti 2.2, ambayo hakuna aliyetarajia kuiona, ikawa imepitwa.

Dawa ilikuwa imeshatengenezwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Intel, wakibuni mbadala wa BIOS, walibuni pia jedwali jipya, GPT, linalohesabu sekta kwa biti 64 na ambalo kwa kawaida lina nafasi 128 za patisheni. Walikuwa waangalifu. Walijua diski za GPT zitaangukia mikononi mwa programu za zamani, ambazo zingeona diski tupu na kuiandika upya. Kwa hivyo katika sekta ya kwanza waliacha MBR ya zamani yenye patisheni moja tu ya aina ya EE, inayosema: diski hii imejaa, usiguse. Ni kama mlinzi aliyeachwa langoni. Windows XP ya biti 32 isiyoijua GPT humwona mlinzi huyo na kugoma. Kuanzia Vista na kuendelea, Windows inaielewa.

Kwa hivyo diski ya kisanduku ina GPT, na Windows ya shemeji inaijua GPT. Kilichobaki ni ile doki ya zamani.

Doki ya USB huongea na diski kwa amri za SCSI. Amri ya kale ya kuuliza ukubwa hujibiwa kwa namba ya biti 32. Kuna amri mpya yenye nafasi zaidi, lakini doki nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2010 hazikuiweka. Zikikutana na diski kubwa, hesabu hujaa na kuanza upya, kama mita ya gari kuukuu yenye tarakimu tano: ikifika 99,999 inarudi 00,000, na unaweza kuuziwa gari lililochoka ukidhani ni jipya.

Fanya hesabu nami. Diski ya terabaiti 3 ina baiti 3,000,592,982,016. Toa kikomo cha biti 32, baiti 2,199,023,255,552. Zinabaki 801,569,726,464. Windows inahesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,073,741,824. Gawanya. Jibu ni 746.

Hiyo ndiyo feki ya shemeji. Diski ilikuwa nzima, doki ndiyo iliyokosa vidole vya kuhesabia.

Na kuna mtego wa kinyume pia. Baadhi ya makasha ya USB ya diski kubwa huiambia tarakilishi kwamba sekta ni za baiti 4,096 badala ya 512, ili hata MBR ya kale iweze kufika mbali. Hufanya kazi vizuri mpaka siku unapoitoa diski ndani ya kasha na kuichomeka moja kwa moja. Hapo ramani haisomeki tena, kwa sababu sekta ya 100 si mahali palepale. Diski huonekana tupu ingawa kila kitu kimo. Irudishe kwenye kasha lake kabla hujafanya lolote.

JUMAMOSI THIKA

Nilifika asubuhi na kebo ya SATA na flashi yenye Linux. Kwanza niliichomoa diski ya tarakilishi yenyewe, nisije nikakosea. Kisha nikaichomeka ya kisanduku moja kwa moja kwenye ubao mama, bila doki, nikawasha kwa flashi.

Ukubwa ukaja vile unavyotakiwa, terabaiti 3 kamili. Patisheni tatu: ya mfumo, ya kubadilishana kumbukumbu, na moja kubwa ya data. Nikaandika:

mdadm --assemble --readonly --run /dev/md127 /dev/sda3
mount -o ro,noload /dev/md127 /mnt

Maneno readonly na ro yana maana ya kusoma tu, bila kuandika hata biti moja. Noload inaiambia ext4 isijaribu kukamilisha kazi zilizokatizwa na stima.

Folda zikafunguka. Shemeji akaziangalia juujuu, akisema hiyo tunayo, hiyo tunayo. Kisha akanyamaza. Kulikuwa na folda ambayo hajawahi kuiona, yenye jina la kijana aliyemfanyia kazi ya kuhariri video kabla ya kuhamia Mombasa. Kijana alikuwa na akaunti yake kwenye kisanduku, na shemeji aliponakili "picha zote" alinakili zile tu ambazo akaunti yake mwenyewe ilimruhusu kuzifungua.

Mlikuwa na harusi za miaka mitatu ndani. Mojawapo ilikuwa na nasaha za mzee mmoja kwa mwanawe. Mzee alifariki mwaka uliofuata, na familia ilikuwa imerudi studio mara mbili kuulizia video hiyo. Mara zote mbili shemeji aliwaambia imepotea.

Hatukusema mengi. Nilimtuma anunue diski ya terabaiti 4, tukanakili terabaiti 1.6 kwa takriban saa tano, tukafungua faili chache kuhakikisha zinacheza. Jioni tulimpigia simu yule mwana wa mzee.

Kufomati kwenyewe, jambo nililoitiwa, kulichukua chini ya dakika mbili.

NAWE UKIKUTANA NAYO

Nitaandika kwa ufupi, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

1. Uliza kwanza diski ilitoka wapi na nani aliiandika mara ya mwisho. Usiuliza utaifomati vipi kabla ya hapo.

2. Linganisha ukubwa ulioandikwa juu ya diski na ule unaosomwa. Terabaiti 3 inapaswa kusomeka kama gigabaiti 2,794 kwenye Windows. Ukiona 746, badilisha doki au tumia SATA moja kwa moja. Ukifomati kupitia doki hiyo, unaiandika kwa ramani ya uongo.

3. Kama ina uwezekano wowote wa kuwa na data, iwashe kwa Linux ya flashi na uisome tu. Ukiambiwa na Windows uifomati, jibu ni hapana.

4. Kagua afya yake kwa smartctl -a. Kuna diski zinazogoma kwa sababu kweli zinakufa. Ukisikia zinagonga-gonga, zizime na umtafute mtaalamu.

5. Ukiwa na uhakika kwamba huhitaji kilichomo, ndipo utumie diskpart kwenye Windows: list disk, select disk ikifuatwa na namba yake, clean, convert gpt. Soma namba ya diski mara mbili. Amri ya clean haiulizi swali lolote na hufuta ramani ya diski uliyoichagua, hata kama ni ile yenye kazi zako. Hiyo ndiyo amri ya kijana wa saiba.

6. Ukiulizwa MBR au GPT kwa diski inayozidi terabaiti 2, chagua GPT. Ukichagua MBR, nafasi inayozidi hapo hutaweza kuitumia.

7. Na kama ni kisanduku kizima kilichopotea kwenye mtandao ingawa kinawaka, huenda ni habari nyingine. Baada ya kirusi cha WannaCry cha Mei 2017, Windows 10 ya Oktoba mwaka huo iliacha kuweka SMB ya toleo la kwanza. Visanduku vya zamani vinavyojua toleo hilo pekee havionekani tena. Angalia kama kinaweza kusasishwa kabla hujaanza kufungua skrubu.

Wazee walisema usione vyaelea, vimeundwa. Neno la kufomati lililofifia kwenye kioo cha shemeji liliundwa na watu wengi ambao hawakuwahi kukutana: aliyetenga baiti 64 mwaka 1983, aliyeweka mlinzi langoni, Mfaransa aliyeandika ext, na fundi wa doki aliyeona biti 32 zinatosha. Baadhi yao walikuwa waangalifu na baadhi walikuwa na haraka. Siku ile, kwa bahati, kutoelewana kwao ndiko kulikoiokoa sauti ya mzee.

Diski ya pili, ile pacha, shemeji hakutaka niifomati. Ameifunga kwa gazeti na kuiweka kabatini. Nilimwambia bado ni nzuri, angeweza kuitumia. Akasema, "Shem, hiyo iache ilivyo."

Mpaka wakati mwingine, nakilini faili zenu, na mhakikishe mmenakili zote.